Nani Alilaza Nyasi za Ukata

Bweni la Chuo, Ujerumani
19 Juni 2024

Kwako Babu Mansuetus,

Shikamoo. Na Tumsifu Yesu Kristo, maana nikisahau hiyo ya pili utaikataa barua mlangoni. Nimefika salama na ni mzima, ila baridi. Huku wanasema ni kiangazi, na mimi nimevaa sweta ya Mama ambayo pale stendi ya Mbinga niliionea aibu. Mama mwenyewe, huyo binti yako Restituta, alinisindikiza kutoka Lundo akilia, akalia tena stendi, mpaka kondakta akamuuliza kama nasafirishwa kwenda kuzikwa.

Nimeshampa Mjomba Cuthbert maelekezo kama tulivyopatana. Simu haitufai, kwa kuwa sindano za kifua kikuu zilikuachia mapafu zikachukua masikio, na maandishi ya kwenye simu unasema ni ya sisimizi. Basi mimi namtumia Mjomba barua, yeye anaichapa dukani kwake Mbinga mjini kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada, na akipata mtu wa kupanda Ukata anampa. Ya kwako anaipiga picha ananirushia. Najua atazisoma zote. Mjomba Cuthbert, shikamoo na wewe.

Chuo hiki kina zaidi ya miaka mia sita. Ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena. Tuko wanafunzi ishirini na wawili kutoka nchi mbalimbali, kwa wiki kumi, tunasoma namna watu wa zamani walivyozuia udongo wa milimani usiondoke na mvua. Siku ya kwanza Profesa aliuliza nani anatoka kwa Wamatengo. Nikanyoosha mkono, Babu, huku nikijua fika kwamba mimi ni mtoto wa Lundo, nimekulia kwenye mchanga wa ziwani na usipa, na Kimatengo changu kinaishia kwenye salamu. Darasa zima likanigeukia kana kwamba mashimo yote ya ngolo za Mbinga nimeyachimba peke yangu. Sikuwasahihisha.

Kahawa huku wanainywa kwenye vikombe vidogo kama vya kunyweshea watoto dawa. Nikiinusa tu, naona uwanja wako wa Ukata na kahawa imeanikwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukumbuka nyumbani kwa pua.

Lile uliloniagiza sijalisahau. Ulisema Machi 1984 Mzungu aitwaye Lorenz alikuja Ukata na mashine ya kunasa sauti, akawanasa akina mama wakilima shambani kwako, marehemu Bibi Serafina akiwa mmoja wao, na kwamba kanda alizileta kwenye chuo hiki. Nimeuliza maktaba. Wana ghala zima la sauti chini ya ardhi, wameniambia nisubiri. Lakini hukuniambia kwa nini unaitaka kanda, na wewe husikii. Naomba uniambie.

Mjukuu wako,
Lidia

*

Ukata
28 Juni 2024

Lidia, mke wangu mdogo,

Milele na milele, amina. Marahaba. Barua yako imefika Jumatano ikiwa na alama ya mafuta kwenye kona, kwa hiyo najua Cuthbert aliisoma akiwa na chapati mkononi. Sisi hatujambo. Ukungu unashuka mpaka mlangoni na hauondoki hadi saa nne. Kahawa imeanza kuiva, mbuzi mweupe ana mimba, na mama yako amenipelekea usipa kutoka Lundo, mchanga kidogo samaki wengi, amejirekebisha. Jirani yangu Ottilia anakusalimu. Anasema ulete mume kutoka huko. Nimemwambia nafasi hiyo nimeshaijaza mimi.

Sasa nikujibu. Wewe ni mtoto wa ziwani, hujui kazi yetu, kwa hiyo soma polepole. Ngolo ni kazi ya watu wawili waliooana. Mvua zikielekea mwisho, mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza juu ya mteremko kwa miraba, mstari wa kushuka na mstari wa kukata. Hiyo ni kazi yake na hamwachii mtu. Kisha wanawake wanakuja kwa zamu na majembe yao, wanachimba katikati ya kila mraba, kwa udongo huo wanazifunika zile nyasi, na maharage yanapandwa juu. Nyasi zinaoza chini na shimo linabaki katikati kupokea maji. Mwanamume ambaye nyasi zake hazijalazwa husemwa mtoni, husemwa kanisani, na mke wake huangaliwa kwa huruma asiyoiomba.

Msimu ule wa 1984 sikuwepo. Nilikuwa mbali wiki kumi. Kwa nini nilikuwa mbali siandiki, kwa sababu karatasi hii inapita mikononi mwa Cuthbert. Niliporudi maharage yalikuwa yameshatoa maua. Nilisikia kwamba wanawake walinitungia wimbo na kwamba umo kwenye mashine ya Mzungu. Wimbo wa namna hiyo mwenyewe hatamkiwi. Nilikuwa nikipita, wananyamaza. Serafina sikumuuliza. Tulikaa pamoja miaka kumi na minne baada ya hapo, tukala sahani moja, na sikumuuliza, mpaka 1998 akafa. Katika waimbaji wale amebaki Ottilia tu, na nikimuuliza anacheka. Kicheko chenyewe sikisikii, naona meno.

Nataka kujua mke wangu alisema nini juu yangu siku ile. Nina miaka sabini na minne. Nilikuwa katekista, nimewaandaa watu wengi kufa vizuri, na mimi mwenyewe hilo moja linanizuia. Wewe sikiliza, uandike sauti kama zinavyoingia sikioni, hata kama huelewi hata neno. Mimi nitasoma. Kwa masikio yako na Kimatengo changu tunaweza kutimia mtu mmoja.

Ule vizuri. Viazi si chakula, ni mboga.

Babu yako,
Mansuetus

*

Bweni la Chuo
9 Julai 2024

Babu yangu,

Shikamoo, na Yesu asifiwe. Pokea salamu za wenzangu wa darasani, ambao sasa wanakufahamu kwa jina, nitakueleza kwa nini. Huku jua linazama saa tatu na nusu, nalala kukiwa bado kweupe na naamka kumeshakucha, kwa hiyo usiku wenyewe siuoni. Mwenzangu wa chumbani anatoka Jojia na analilia mkate wa mama yake kama mimi ninavyolilia ugali. Tunabembelezana.

Babu, kanda imepatikana. Bibi mmoja wa maktaba mwenye glavu nyeupe aliniletea kama anayebeba mtoto wa wiki moja. Akanivalisha hedifoni, akabonyeza, na Ukata ikaingia kichwani kwangu.

Kwanza ni majembe. Yanapiga pamoja, kisha pumzi, kisha yanapiga. Nyuma kuna kuku, na upepo unaoisumbua mashine. Halafu wimbo, unaoongozwa na sauti kali ya juu. Nilimpigia Mama simu nikaiweka karibu na hedifoni, akasema huyo anayeongoza ni Ottilia, na akanionyesha ipi ni ya Bibi Serafina kwenye kiitikio. Uliniagiza niandike maneno, lakini nadhani unataka na sauti yenyewe, kwa hiyo nitajaribu. Iko chini kuliko nilivyodhani, na ni kavu kidogo. Kabla ya kusema jambo anasafisha koo mara mbili. Akicheka, kicheko kinatokea puani na anakikatiza haraka, kama mtu aliyechekea kanisani. Hata pale pasipo na la kuchekesha, unahisi kiko karibu.

Na katikati ya wimbo kuna mtoto anaomba maji. Anaomba mara tatu, analia, anapewa, na unamsikia anavyogugumia. Mama akaniambia kwenye simu, "Huyo ni mimi." Kisha akakata. Alinipigia tena baada ya nusu saa akanizungumzia mambo ya bei ya dagaa.

Wimbo mzima nimeuandika kwenye karatasi ya peke yake, Mjomba ataiambatanisha. Nimeurudia mara thelathini. Kipande cha pili ni mazungumzo ya mkalimani na Bibi, ni kirefu na wanaongea haraka, nitakifanyia kazi wiki hii.

Sasa ile habari ya jina lako. Kwenye boksi la kanda kuna picha aliyoipiga Lorenz siku hiyohiyo, kabla majembe hayajaanza. Ni mteremko mzima wa shamba lako, nyasi zimelazwa miraba iliyonyooka hata ukiweka rula. Chini imeandikwa kwa wino: kazi ya Mansuetus, Ukata. Profesa ameikuza akaibandika ukutani darasani. Anasema katika picha zake zote za ngolo hajaona mkono kama huo. Nilijivuna, Babu, nikawaambia huyo ni babu yangu. Lakini baadaye nikakumbuka kwamba ulisema hukuwepo. Ulilaza nyasi kabla ya kuondoka?

Nakukumbuka sana,
Lidia

*

Ukata
17 Julai 2024

Lidia,

Marahaba. Wazima. Tunachuma. Mbuzi mweupe kazaa mmoja na mmoja kafa.

Karatasi nimeisoma. Umeandika vizuri, nimesikia mpaka pale wanapovuta pumzi. Ulitaka kujua wimbo unasemaje, nitakuambia mara moja tu. Unasema nyasi za Mansuetus zina miguu. Zimejifyeka zenyewe, zimepanda mlima zenyewe, zimejilaza zenyewe. Kisha Ottilia anauliza, mwenye nyasi kalala wapi? Na wengine wanaitikia: ziwani, ziwani, anaota jua.

Na mke wangu yumo kwenye kiitikio. Umesema mwenyewe, na mama yako kathibitisha.

Basi. Nilitaka kujua, nimejua. Hicho kipande cha pili usikiandike. Kuhusu picha usiniulize. Mtu anaweza kukudhihaki kwa kukusema, na anaweza kukudhihaki kwa kukuandikia sifa isiyo yako, na nadhani Mzungu yule alitumiwa kwa dhihaka ya pili.

Hayo uliyoandika juu ya sauti yake, kusafisha koo na kile kicheko, nakushukuru. Nilikuwa nimekisahau. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi kuliko nilivyosali wiki hii, Mungu anisamehe. Sasa tuache. Soma masomo yaliyokupeleka.

Mansuetus

*

Bweni la Chuo
26 Julai 2024

Kwa Babu yangu, ambaye najua amenuna,

Shikamoo. Pole kwa mtoto wa mbuzi. Mimi sijambo, ingawa jana nililia ukumbini mbele ya sahani, na sikulilia chakula. Mvua ilinyesha kwenye vigae vya paa na harufu ikawa ya Lundo kabisa, ya mchanga wa moto uliomwagiwa maji. Nikaona Mama anaanua usipa mbio, na mimi siko wa kushika upande wa pili wa wavu. Wiki nne zimebaki. Wenzangu wanahesabu wakitamani ziongezeke, na mimi nahesabu nikitamani zipungue.

Babu, hukunijibu la nyasi, umenijibu kwa hasira, na hasira yako imenijibu. Ikiwa hukuwepo, na hakuna mwanamume anayemlazia mwenzake nyasi, basi zile nyasi zililazwa na Bibi. Nimekwenda kuiangalia tena picha. Kuna nyengo ya kufyekea imeegemezwa kwenye kisiki, na kando yake kuna kanga ya kubebea mtoto, imekunjwa. Mtoto hayupo kwenye picha. Mama alikuwa na miaka mitano, habebwi. Sikuelewa, na simuulizi Mama.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 23 Agosti tunafunga kozi kwa maonyesho, na watu wa mji wanakaribishwa. Picha itawekwa mlangoni na jina lako kwa herufi kubwa, na kanda itapigwa. Profesa anataka tafsiri ya mazungumzo. Nilipomwambia babu yangu amekataa, alisema si tatizo, kwenye mji wa jirani kuna mtawa Mmatengo, Sista Walburga, anayeuguza wazee kwenye konventi, atatafsiri kwa saa moja. Sista alikuja kweli. Ni mtu mwema, alinisalimu Kimatengo nikaishia kucheka tu kwa aibu. Alikuwa ameshaivaa hedifoni nikamzuia.

Nilimwambia maneno haya yana mwenyewe na yuko hai. Kama Bibi alikutukana, Babu, utukanwe wewe kwanza, wasikie wao baadaye. Na kama hakukutukana, vilevile. Sista alivua hedifoni akasema, "Mwandikie babu yako." Profesa hakufurahi. Amenipa mpaka tarehe kumi na sita.

Kwa hiyo nakukaidi. Karatasi ya pili hii hapa, imejaa. Kuna maneno mawili matatu nimeyatambua: jina lako, limesemwa waziwazi, na mbele kidogo Jumamosi. Kabla ya jina lako anasafisha koo ile mara mbili yake. Na baada ya neno Jumamosi kuna kitu cha ajabu, majembe yote yananyamaza. Nimepima, ni kama muda wa kusema Baba Yetu nusu. Hakuna anayeongea wala kucheka. Kisha jembe moja linaanza, na mengine yanafuata.

Nimemwambia Mjomba aikunje na kuipiga pini. Ukitaka kuichoma, ichome. Lakini mimi sikuweza kukaa nayo huku, nikiisikia bila kuielewa, wakati wewe uko huko unayeielewa na huna kitu mkononi.

Ni mimi mkaidi wako,
Lidia

*

Bweni la Chuo
9 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Mjomba Cuthbert anaapa kwamba karatasi ilikufikia ikiwa na pini yake, na kwa mara ya kwanza namwamini, kwa sababu ameniuliza mimi imeandikwa nini.

Jana Mama amesema uko Lundo. Umeshuka Jumatatu bila kumwambia mtu, ukiwa na kikapu na rozari, na kila siku unakwenda kukaa kwenye mchanga mbele ya ile iliyokuwa nyumba ya marehemu Mzee Baltazar. Anasema unakula, hunung'uniki, na hilo ndilo linalomtisha.

Kama nimekukosea, nitukane kwa barua. Profesa nitamwambia hakuna tafsiri. Picha iwekwe, isiwekwe, yote sawa kwangu. Nataka tu kuuona mwandiko wako.

Lidia

*

Lundo
13 Agosti 2024

Lidia, mjukuu wangu,

Marahaba, na Yesu asifiwe milele. Niko kwenu. Baba yako Nathaniel amenipa kitanda chake, yeye analala kwenye mkeka akidai mgongo wake unapenda mkeka. Ni mkwe mzuri ingawa ni Mwanglikana. Mama yako ananilisha samaki mpaka najipapasa kama nimeota magamba. Barua hii ataipiga picha yeye, na ameshaisoma, nilimpa mwenyewe. Cuthbert naye apelekewe nakala asije akafa kwa hamu. Sina tena la kumficha.

Ulinikaidi na nakushukuru.

Februari 1984 tulimzika mtoto wetu Alphonce, aliyemfuata mama yako. Alikuwa na miezi saba. Homa ya siku mbili. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye makaburi ya watoto wa watu wengi nikiwa na kitabu na maji ya baraka, maneno yote nayajua kwa moyo. Kwa wangu hayakutoka hata moja, mwingine alisali. Serafina alilia, na mimi sikuweza kukaa kwenye nyumba yenye kilio kile. Matanga yalipokwisha nikavaa viatu nikatoka. Sikumuaga. Nikapitia Tingi, nikateremka mpaka hapa kwa rafiki yangu Baltazar, nikakaa wiki kumi. Hapakuwa na mwanamke mwingine, ingawa Ukata walisema yupo na mimi niliwaacha waseme, maana hiyo ilikuwa aibu nyepesi zaidi. Nilikuwa naamka, natazama maji, nalala. Kila asubuhi nilisema nitarudi kesho.

Siku niliyoweza kurudi, nikaona haya kufika mikono mitupu. Mtu wa milimani aliyeshuka ziwani msimu ule ana sababu moja tu ya heshima, kufuata mbegu ya mihogo. Baltazar akanikatia vijiti, nikavifunga nikabeba begani. Ukata kuna baridi, mihogo haijawahi kumshibisha mtu pale, hilo kila mtu analijua. Nilifika Jumanne, siku ya Mei Mosi. Serafina alikuwa uani. Nikasema, nilifuata mbegu. Hakuniuliza kitu. Alinipokea mzigo, akachukua jembe, akavipanda nyuma ya jiko siku ileile kabla hata sijavua viatu. Mihogo ikatoka mifupi, imekunjamana. Kila mwaka alikata vijiti vyake akavipanda upya, miaka kumi na minne. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso. Nilidhani ananiwekea aibu yangu mbele ya macho ili nisiisahau. Nilikwenda kuungama, padri akanipa Salamu Maria tatu. Tatu tu, kwa wiki kumi!

Sasa karatasi yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Mkalimani anasema: nyasi hizi zimelazwa vizuri sana, ni kazi ya nani? Serafina anajibu: ya mume wangu, Mansuetus. Mkalimani anauliza: yuko wapi tumpige picha? Naye anasema: ameshuka ziwani kufuata mbegu ya mihogo. Atarudi Jumamosi.

Hapo ndipo ulipoandika kwamba majembe yananyamaza. Lidia, wale ni wanawake walewale waliotoka kuimba kwamba nyasi zina miguu, na yeye mwenyewe aliwaitikia. Walikuwa wamemwona anafyeka, na maziwa yanamlowesha kifuani kwa kuwa hana wa kumnyonyesha. Hiyo kanga uliyoiona ni ya Alphonce. Walijua sikumuaga, hajui kama nitarudi. Na hakuna hata mmoja aliyecheka wala aliyesema neno. Kabla sijashuka huku nilimwonyesha Ottilia karatasi, na kwa mara ya kwanza sikuyaona meno yake.

Alinitungia safari kabla mimi sijaitunga. Mimi nikaja na uongo wangu begani nikidhani ni wangu, kumbe alikuwa ameshauambia ulimwengu, na mihogo ilibidi iwepo pale nyuma ya jiko ili mtu akiuliza aonyeshwe. Aliilinda miaka yote ile, na mimi nageuza uso.

Nilimuuliza mama yako kama anakumbuka lolote. Aliniandikia kwenye daftari lako la shule. Anakumbuka kwamba kuna wakati mama yake alikuwa akimwogesha mapema kila Jumamosi, akampaka mafuta, wakakaa wote wawili kizingitini kutazama njia. Hakumwambia wanamngoja nani. Nimehesabu. Kutoka siku ya kanda mpaka Mei Mosi ni Jumamosi saba.

Namtamani mke wangu. Naliandika wazi, na mama yako alipofika kwenye mstari huu alilia, na Cuthbert alie vilevile. Kama ningepewa masikio kwa nusu saa tu, nisingetaka kusikia misa wala ndege wala sauti yako wewe ninayekupenda. Ningetaka nisikie anavyosafisha koo kabla ya kutaja jina langu.

Sasa ile picha. Miaka arobaini wasomi wa chuo hicho cha zamani wanausifu mkono wangu. Ule mkono si wangu. Utasema nikisahihisha nitamfanya Serafina mwongo mbele ya Wazungu. Nimelifikiria hilo siku nane kwenye mchanga wa Baltazar. Alisema vile ili anifunike, na nimefunikwa vya kutosha. Nenda kwa Sista Walburga, sasa avae hedifoni, atafsiri yote. Kisha mwambie Profesa alifute jina langu chini ya picha, na Sista aandike haya kwa lugha yao, kwa herufi zilezile kubwa, asipunguze neno:

Nyasi hizi zilifyekwa na kulazwa na Serafina wa Ukata, peke yake, wiki tatu baada ya kumzika mwanawe Alphonce. Mumewe hakuwepo.

Watu wakiuliza mumewe alikuwa wapi, usiwaambie habari ya mbegu. Hiyo alinipa mimi. Wewe waambie hakuwepo.

Babu yako,
Mansuetus